Wapangaji Ngazi B, Upanga

Alhamisi

06:48 Mama Tausi 2A: Amkeni wapangaji. Maji yalitoka usiku lakini tangi la juu halijajaa. Pampu inakohoa tu. Fundi kaifungua, kasema mota isukwe upya, 210,000 pamoja na ufundi. Tuko nyumba nane na duka la Mangi. Kila mmoja 24,000, inayozidi ni ya kutolea.

06:49 Mama Tausi 2A: Leo leo, kabla ya saa sita. Namba mnayo.

07:30 Mangi Duka: 👍

07:31 Mama Tausi 2A: Mangi dole siyo hela.

07:52 Bi Mwanahawa 1A: Asalaam alaykum. Nani kajifungua ngazi hii wala hatujaambiwa? Mvuje unanuka tangu alfajiri mpaka kwangu chini.

07:55 Baba Ima 4B: 😂😂 Bi Mwana hakuna mzazi. Ni yule Mhindi mpya wa 3B anapika kabla ya kwenda kazini.

07:56 Bi Mwanahawa 1A: Mvuje wa kula?

07:56 Baba Ima 4B: Wa kula.

07:59 Bi Mwanahawa 1A: Subhanallah. Kwetu Kilwa hufungwa mtoto shingoni asikumbwe na vijicho, yeye anautia mchuzini!

08:01 Deo 3A: Ndo maana hana kijicho, kila ukikutana naye ngazini anatabasamu.

08:02 Baba Ima 4B: Anatabasamu kwa sababu haelewi unachosema 😂

08:03 Mama Tausi 2A: TUNAONGELEA PAMPU

08:05 Mama Tausi 2A: Na huyo 3B hata kwenye kikundi hayumo. Wiki tatu anaoga maji yetu. Nani ana namba yake?

08:06 Deo 3A: Ninayo

*Deo 3A amemwongeza Biju 3B*

08:10 Mama Tausi 2A: Karibu sana Bwana Biju. Hapa ndipo tunapopanga mambo ya ngazi yetu. Kila nyumba 24,000 ya pampu. Na kwa kuwa wewe ni mgeni, kuna kiingilio 50,000.

08:12 Baba Ima 4B: Kiingilio cha nini tena?

08:13 Mama Tausi 2A: Cha tangi. Sisi tulijichangisha 2019, yeye kayakuta maji yameshachotwa.

08:13 Baba Ima 4B: Mimi nimeingia 2021 sikulipa kiingilio.

08:14 Mama Tausi 2A: Ulikuwa hujasoma katiba.

08:14 Baba Ima 4B: Kumbe tuna katiba?

08:16 Deo 3A: Ipo kabatini kwa Mama Tausi, imelala na risiti ya pampu ya 2019 😂😂

08:17 Mama Tausi 2A: *Ujumbe huu umefutwa*

08:18 Mama Tausi 2A: Deo usinianze asubuhi. Ile pampu tulikwenda Gerezani mimi na marehemu Mzee Kibwana, aliona kwa macho yake bei iliyotajwa. Kama mnataka risiti mkamuulize yeye.

08:20 Salma 4A: Jamani marehemu mwacheni apumzike.

08:21 Baba Ima 4B: [sauti 2:14]

08:22 Mama Tausi 2A: Baba Ima sisikilizi sauti, niko kwenye daladala. Andika.

08:29 Salma 4A: Kwa ufupi anasema 50,000 ni uonevu. Na mimi naungana naye. Yule kaka dalali kashamkamua kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa udalali juu yake. Juzi bajaji kamtoza elfu kumi toka hapa mpaka Posta. Mpaka Posta! Hapo kwa miguu ukitembea polepole ni dakika ishirini. Mgeni kabaki mfupa.

08:31 Mama Tausi 2A: Kampuni inamlipia hao. Wanakuja na mkataba, nyumba juu ya kampuni, tiketi juu ya kampuni. Wahindi wana hela Salma, usidanganyike na ule mkoba wake.

08:32 Salma 4A: Hii siyo nyumba ya kampuni. Angelipiwa nyumba angekaa Masaki, angefuata nini ngazi isiyo na lifti?

08:40 Deo 3A: Tukiwa hapo hapo na mimi niseme langu. LUKU yangu ina mdudu. Jumapili nimeweka elfu ishirini, unit hamsini na kitu. Leo asubuhi mita inalia. Siku nne! Mimi na mke wangu mchana hatupo, AC hatuna, friji ndogo.

08:41 Baba Ima 4B: Pasi hiyo. Mke wako anapiga pasi mpaka soksi.

08:42 Deo 3A: Siyo pasi bwana, wiki ya tatu hii.

08:43 Baba Ima 4B: Basi mvuje umeingia kwenye waya 😂

08:43 Bi Mwanahawa 1A: 😂

08:44 Mama Tausi 2A: PAMPU

11:58 Mama Tausi 2A: Saa sita inakaribia. Waliotuma: Salma, Mzee Hirji. Basi. Wengine mmekufa?

13:16 Biju 3B: Habari za asubuhi majirani wote. Pole kuchelewa mimi nilikuwa kazini, kampuni hesabu za mwisho wa mwezi. Nasoma kwa simu inatafsiri. Pampu nitalipa leo. Kiingilio sijafahamu lakini nitalipa pia.

13:18 Biju 3B: Nyumba nzuri sana. Umeme rahisi sana hapa. Wiki tatu nimeweka elfu ishirini tu, AC mbili usiku wote, maji moto, haiishi! Asante Tanzania 🙏

13:25 Salma 4A: Deo.

13:25 Salma 4A: Deo uko wapi njoo usome.

13:31 Baba Ima 4B: 😂😂😂😂😂 nimeketi chini

13:40 Deo 3A: Hapana. Haiwezekani.

13:41 Salma 4A: Fundi wako aliipanga lini upya ile bodi ya mita?

13:47 Deo 3A: Mwezi uliopita. Kabla huyu hajahamia.

13:47 Salma 4A: Haya.

18:38 Salma 4A: Niko chini kwenye bodi na tochi. Nimezima swichi ya mita iliyoandikwa 3A. Nani amezimikiwa?

18:39 Biju 3B: Giza hapa. Ni kawaida?

18:39 Deo 3A: Kwangu unawaka.

18:40 Baba Ima 4B: Tunao ushahidi mheshimiwa hakimu. Deo ndiye mfadhili wa baridi ya 3B.

18:41 Salma 4A: Na Biju kalipia friji ndogo ya Deo na pasi ya soksi.

18:44 Biju 3B: Samahani, namba ya mita mimi nimepewa na dalali kwenye karatasi. Naweka namba 20, inakubali, nafikiri ni yangu. Pole sana Bwana Deo. Unasema kiasi gani?

18:52 Deo 3A: Sasa hapa hesabu. Mimi wiki tatu nimeweka kama 75,000. Yeye kaweka 20,000, ndiyo niliyotumia mimi. Ananidai 20, namdai 75. Inabaki 55,000.

18:53 Baba Ima 4B: Fundi ni wa nani?

18:53 Deo 3A: Wangu lakini

18:54 Baba Ima 4B: Basi mdai fundi. Mgeni hakugusa waya.

18:55 Deo 3A: Baridi kalala nayo nani, fundi?

18:58 Mama Tausi 2A: Nimeshuka kwenye gari sasa nasoma. Tusigombane, tuweke pamoja liishe. Bwana Biju: pampu 24, kiingilio 50, umeme wa Deo 55. Jumla 129,000. Tuma kwangu yote, mimi nitampa Deo chake.

18:59 Deo 3A: Yangu atume kwangu moja kwa moja Mama Tausi.

19:00 Mama Tausi 2A: Una maana gani?

19:00 Baba Ima 4B: 2019 😂

19:02 Mama Tausi 2A: Haya mwenye kikundi chake akiendeshe. Mimi natoka nawaachia pampu yenu.

19:02 Salma 4A: Kila mwezi unatoka.

20:55 Mzee Hirji 2B: Nawasoma tangu asubuhi. Macho yangu hayapendi simu kwa hiyo nitaandika mara moja.

21:09 Mzee Hirji 2B: Mimi niliteremka bandarini hapo kutoka meli ya Karanja mwaka 1951. Nilikuwa na miaka sita. Mama kanishika mkono mmoja, mkono wa pili debe la unga, kwa sababu aliambiwa Afrika hakuna unga. Hakujua neno hata moja. Jirani wa kwanza kutugongea alikuwa mama wa Kimanyema, kaleta sufuria ya maharage. Mama hakujua namna ya kukataa wala ya kushukuru, akalia. Yule mama akarudi kesho yake kuchukua sufuria yake, akamfundisha kusema chumvi. Neno la kwanza la mama yangu kwa Kiswahili ni chumvi. Kiingilio hakutajiwa.

21:16 Mzee Hirji 2B: Ngazi hii marehemu baba yangu ndiye aliyeijenga. Wengine mnajua, wengine nadhani hamjui. Aprili 1971 majengo yakataifishwa, nasi tukabaki humu humu ndani tukawa wapangaji. Tangi la kwanza pale juu nililipandisha mimi na kaka zangu kwa kamba. Mmekuja mmoja mmoja, wote nimewapokea. Sijapata kumwambia mtu kayakuta maji yameshachotwa.

21:18 Mzee Hirji 2B: Na huyo kijana ana jina, anaitwa Biju. Si wa kwetu Kutch. Kwao ni Kerala, kusini kabisa, lugha yake siijui na yangu haijui. Tunasikilizana kwa Kiingereza chake na Kiswahili changu. Mvuje mimi naita hing, yeye anauita kayam. Usiku mwema.

21:50 Mangi Duka: 🙏

22:04 Mama Tausi 2A: Shikamoo Mzee. Nimesikia. Kiingilio nimekiondoa.

22:05 Mama Tausi 2A: Lakini ya pampu iko pale pale.

Ijumaa

06:30 Mama Tausi 2A: Habari za asubuhi. Waliolipa: Salma, Mzee Hirji, Biju (katuma saa tano usiku, na ya kutolea kaongeza mwenyewe). Deo? Baba Ima? Mangi? Bi Mwana nitapitia mwenyewe. Daktari Nassoro tangu Januari hatujasikia sauti yake.

07:10 Salma 4A: Biju kaniambia ngazini mke wake na mtoto wanafika kesho. Nikasema Jumapili tupike kidogo kule juu darini, kila mtu na chungu chake.

07:14 Mama Tausi 2A: Wazo zuri. Napanga. Nyama isiwepo, Wahindi hawali. Tufanye wali wa nazi, kunde, mchicha, chapati. Salma kachori.

07:20 Mangi Duka: Anakula

07:21 Mama Tausi 2A: Mangi leo umeandika!

07:22 Mangi Duka: Jumamosi kanunua kilo mbili ya ng'ombe bucha la Kisutu. Tulikuwa naye foleni. Kachagua na mafuta.

07:23 Baba Ima 4B: 😂 huyo ni Mchaga mwenzako Mangi

07:26 Salma 4A: Na siku ya Diwali tulimpongeza wote, akajibu asante, asante. Kumbe anasali Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni, Mkatoliki huyo. Anasema kwao sikukuu ya watu wote ni Onam, mwezi wa nane au wa tisa, wanakula mezani kwa jani la mgomba.

07:27 Bi Mwanahawa 1A: Jani la mgomba hata sisi twalijua.

07:29 Mama Tausi 2A: Basi nyama iwepo. Asiyekula ni Mzee Hirji, chungu chake kikae mbali. Pilau nani? Baba Ima changia nyama, umechangia maneno tangu jana.

09:02 Deo 3A: Mimi nimefikiria. Ile 55 aniachie nusu basi. Au alipe kidogo kidogo kwa LUKU. Na bodi fundi anakuja Jumatatu.

09:04 Salma 4A: Hujafikiria, umesomwa na Mzee ukaona haya.

09:05 Deo 3A: Vyote viwili. Halafu kesho nina gari, nitawafuata uwanja wa ndege. Taksi watamla tena.

12:47 Biju 3B: Asanteni sana sana. Bwana Deo nakushukuru. Ndege kesho Jumamosi inatua saa nane, wamepitia Doha. Jengo la 3. Mtoto jina Anna, miaka 4. Umeme nitalipa wote 55 siyo nusu.

12:50 Deo 3A: Saa nane nitakuwepo.

12:51 Mama Tausi 2A: Saa nane ipi?

12:51 Deo 3A: Ya mchana, ipi tena.

12:53 Mama Tausi 2A: Ya kwetu au ya kwenye simu yake? Huyu alimwambia fundi bomba aje saa nne. Fundi kagonga asubuhi, yeye yuko kazini. Jioni kakaa anamsubiri mpaka maghrib.

12:54 Salma 4A: Eh kweli. Saa nane yake inaweza kuwa saa mbili asubuhi.

12:55 Deo 3A: Au saa mbili usiku.

12:55 Mama Tausi 2A: Biju?

13:20 Mama Tausi 2A: Bwana Biju saa nane ya jua liko wapi?

14:02 Deo 3A: Nimempigia hapokei. Mwisho wa mwezi.

16:30 Bi Mwanahawa 1A: Mie maharage nshayaroweka ya huyo mama na mtoto, kesho wasifikie jiko baridi. Ila magoti yangu hayapandi ghorofa ya tatu. Nani atapandisha sufuria?

16:31 Mama Tausi 2A: Tausi atakuja Bi Mwana. Akitoka shule. Kama anasikia ninapomwita.

16:33 Mama Tausi 2A: Fundi anauliza mota aanze kuisuka au asianze. Nina 96,000 mkononi, wanne tu.

19:47 Dk. Nassoro 1B: Habari zenu. Nani kaegesha gari nyeupe mbele ya geti? Halafu kwangu maji hayatoki, pampu hamjawasha?