Watu wa Ulaya wanaukataa ushawishi wa Marekani, au wanamkataa rais aliyepo?

Mtembeza Wageni, Shangani

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kila nikieleza kuwa Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kuwa kitambaa tunachokiita marekani kilipata jina hilo kwa kuletwa na merikebu za huko, historia ya Unguja husahauliwa na wageni wakaanza kubishana wao kwa wao. Wiki iliyopita Mjerumani mmoja alisema kuwa Marekani imejifanya kiranja wa dunia. Mpoland akamjibu kuwa bila ya kiranja huyo yeye asingepata usingizi. Naomba kufahamishwa: wanachokikataa ni ushawishi wenyewe, au ni mtu aliyekalia kiti?

Maalim wa Chake

Wa alaykum salaam. Ukifuata takwimu, jibu la haraka ni mtu. Taasisi ya Pew ya utafiti wa maoni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauliza watu wa nchi mbalimbali swali lile lile, ilikuta mwaka 2008 kuwa Wajerumani wenye mtazamo mzuri juu ya Marekani ni asilimia 31 tu. Mwaka uliofuata, Obama alipokwisha kuingia madarakani, wakawa asilimia 64, na Ufaransa ikapanda kutoka 42 hadi 75. Katika muda huo wanajeshi wa Marekani walikuwa bado wako Iraq na Afghanistan, na kambi zao za Ujerumani zilikuwa pale pale. Waliokuwa na imani na Bush nchini Ujerumani walikuwa asilimia 14, na Obama akapata 93, kiwango ambacho hata imamu hakipati katika msikiti wake. Alipokuja Trump mwaka 2017, imani ikaporomoka hadi 11.

Bint Wete

Maalim, takwimu zako sizipingi, ila naona zinapima homa na kuyaacha maradhi. Mwaka 1956 Marekani iliibana Uingereza kwa njia ya fedha hadi ikaondoka kwenye Mfereji wa Suez, Misri, pamoja na Ufaransa, na mwaka 1966 de Gaulle, rais wa Ufaransa, akaitoa nchi yake katika uongozi wa kijeshi wa NATO, umoja wa kujihami wa Marekani na washirika wake wa Ulaya. Wakati huo hakukuwa na Bush wala Trump. Mwaka 1983 malaki ya watu walijaa Bonn kupinga makombora ya Marekani yasiwekwe katika ardhi yao. Hata huyo Obama aliyependwa, ni katika zama zake, mwaka 2013, Wajerumani walipopata habari kuwa simu ya Merkel, kiongozi wao wa serikali wakati huo, ilikuwa ikisikilizwa na majasusi wa Marekani, na hasira yao haikuwa ndogo. Sisi wenyewe tunaijua hisia hiyo: kituo cha Tunguu cha kufuatilia vyombo vya angani vya Wamarekani kilizusha manung'uniko tangu kilipoanza, na kikaondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Tena tusiseme "Ulaya" kana kwamba ni nyumba moja. Mpoland wa Mtembeza anamtazama Mrusi jirani yake, na Mhispania hana jirani wa namna hiyo. Wafini waliishi miaka mingi nje ya NATO, na wengi wao hawakutaka kuingia. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, waliotaka kuingia wakapita asilimia 70 katika miezi michache. Hayo si mapenzi kwa Washington. Anayekimbilia mwavuli wakati wa masika haulizi nani kaushona.

Mtembeza Wageni, Shangani

Ahsanteni sana. Mbona basi Hispania serikali yao iliunga mkono vita vya Iraq?

Maalim wa Chake

Serikali ya Aznar, waziri mkuu wao wakati huo, iliunga mkono, ilhali Wahispania walio wengi walipinga, na tarehe 15 Februari 2003 mitaa ya Madrid na Barcelona ilifurika waandamanaji. Mwaka uliofuata chama chake kikashindwa, siku chache baada ya mashambulizi ya treni mjini Madrid, na Zapatero aliyemrithi akawarudisha askari nyumbani. Kwa hiyo ukimsikia mgeni akisema "sisi tulikuwa na Marekani", muulize kwanza ni nani huyo "sisi".

Bint Wete nimemkubalia nusu. Nusu ya pili inanipa tabu kwa sababu ya Denmark, nchi iliyokuwa mfuasi mtiifu kuliko karibu wote, iliyopeleka askari Afghanistan na kuzika zaidi ya 40. Kambi ya Wamarekani imekuwapo Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, tangu zama za vita baridi, na kwa muda mrefu haikuwaondoa wengi wao katika urafiki huo. Mwaka 2019 Trump akasema anataka kukinunua kisiwa hicho, na Januari 2025 akakataa kuahidi kuwa hatatumia nguvu kukipata. Mdenishi wa leo ukimtembeza, usitarajie maneno aliyokuwa akiyasema baba yake.

Bint Wete

Hapo umenipata, Maalim. Ila kumbuka kuwa bado hawajatoka chini ya mwavuli.