Laini za shaba Kisumu, tawi Kakamega kwa 4G: G.711, G.729 au Opus?

Laini_Kondele: Wakuu, naomba ulinganisho. Laini 4 za shaba zinaingia kwenye seva ya Asterisk (programu ya kuendesha simu za ofisi) hapa Kisumu kupitia kadi ya FXO, inayounganisha laini ya shaba na seva. Tawi la Kakamega lina simu za IP, linaunganishwa kwa 4G kupitia VPN. Kodeki ipi, yaani njia ya kusimba sauti, inafaa? Tena walio Kakamega wanasikia sauti zao zikiwarudia.

Menengai_Sauti: G.722, kodeki ya sauti pana, iweke kando kwa simu zinazotokea shabani. Laini ya shaba hupitisha hezi 300 hadi 3400 pekee, na kadi huchukua sampuli 8000 kwa sekunde. G.722 huchukua 16000, lakini hapo haina cha ziada cha kubeba. Unaongezea seva kazi ya kubadilisha kodeki bure. Itumie kati ya simu za ndani, utafurahia.

Zilizobaki, piga hesabu. Kwa pakiti za milisekunde 20, G.711 hula kilobiti 87.2 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vichwa vya Ethaneti, G.729 hula 31.2. Simu 4 kwa pamoja ni takriban 349 dhidi ya 125, kabla ya mzigo wa VPN. Ikiwa 4G yako inapandisha megabiti 2 bila kuyumba, mimi nachagua G.711 bila kusita. G.711 ina aina mbili: weka alaw pande zote. Ulaw ni ya Marekani Kaskazini na Japani.

Nzoia_IP: Nakubaliana kuhusu G.722, ila Opus usiitupe haraka. 4G ikianza kupoteza pakiti, Opus inaweza kubeba nakala nyepesi ya pakiti iliyotangulia ndani ya inayofuata. G.711 haina hilo. Tatizo ni kwamba simu nyingi za mezani za bei nafuu hazina Opus, kwa hiyo angalia orodha ya kodeki kwenye simu zenyewe kwanza.

G.729 nayo: hataza zake ziliisha 2017, lakini Asterisk haiji na moduli ya kuibadilisha. Laini ikitoka FXO lazima seva iisimbe yenyewe, hivyo bila moduli hiyo simu haitaunganika. Na tarakimu za menyu za benki zipitishe kwa RFC 4733 (kama ujumbe wa pembeni), zisiwe ndani ya sauti, maana G.729 huziharibu.

Waya_Milimani: Mmeruka mwangwi, na hapo ndipo kazi ilipo. Aliye Kakamega akijisikia, sauti yake inarudishwa na kadi iliyo Kisumu, pale nyaya 2 zinapokutana na nyaya 4. Chanzo ni impidansi (ukinzani wa umeme) ya kadi kutolingana na ya laini. Kubadilisha kodeki hakutibu. Ucheleweshaji wa 4G unaufanya tu usikike zaidi.

Utaratibu: simamisha Asterisk, laini zote ziwe huru, endesha `fxotune -i 4`, programu inayolinganisha kadi na laini. Tarakimu hiyo hupigwa ili mlio wa kupigia unyamaze wakati wa kupima. Ikimaliza, `fxotune -s` hupakia vipimo, na uiweke ijiendeshe kila seva inapowaka kabla ya Asterisk, la sivyo vipimo vitapotea. Kisha rxgain (ukuzaji wa sauti inayoingia kutoka kwenye laini) na txgain (inayotoka) zianze 0.0. Mteja akilalamika kuwa hasikii vizuri, panda desibeli 1 kwa txgain, jaribu, sikiliza. Watu hupandisha rxgain hadi 8 au 10. Mwangwi unakuzwa pamoja na sauti, na kizima mwangwi kinashindwa kuufuata. Weka echocancel=yes.

Laini_Kondele: Asante sana. Na laini zinazobaki zimeshikwa baada ya mteja kukata?

Waya_Milimani: Pima kwa multimita ukiwa kwenye simu, wa upande wa pili akikata. Volti zikigeuka kutoka chanya kuwa hasi, weka hanguponpolarityswitch=yes. Zisipogeuka, tegemea mlio wa kukatika: busydetect=yes, busycount=4, na busypattern (urefu wa mlio na wa kimya) uisome kwenye rekodi ya mlio wako mwenyewe, kwa milisekunde. Ukipunguza busycount hadi 2, simu zinaweza kukatika katikati ya mazungumzo.

Nzoia_IP: Kabla ya hayo yote, weka vizuia radi vya gesi kwenye kila jozi ya nyaya, na waya wake wa ardhini uwe mmoja na wa seva. Ukanda huu wa ziwa una ngurumo nyingi, na kadi ya FXO ndiyo hupokea pigo la kwanza.