Watoto wanachoka haraka na picha za makumbusho kwenye tableti, nifanyeje?

mama_wawili:
Habarini wapendwa. Nina watoto wawili, wa kike miaka 10, wa kiume 7. Nimewawekea Google Arts & Culture kwenye tableti ili waijue michoro ya makumbusho makubwa, maana Ulaya siwapeleki leo wala kesho. Lakini wanapitisha kidole tu, picha baada ya picha, dakika tano nyingi wanaomba katuni. Mdogo kaniambia, "Mama, wote ni watu wa zamani wamekaa." Iliniuma. Na Kiingereza cha maelezo bado kinawapiga chenga.

mwalimu_wa_sanaa:
Dada, usiwape makumbusho zima. Wape picha moja, wiki nzima. Darasani kwangu naanza na "Michezo ya Watoto" ya Pieter Bruegel, aliyoichora mwaka 1560. Ipo makumbusho ya Kunsthistorisches, Vienna. Ndani yake kuna watoto zaidi ya 200, na michezo inakaribia 80 hivi. Maelezo ya Kiingereza achana nayo. Waikuze kwa vidole viwili mpaka waone nyuso, halafu uliza swali moja tu: nani humu anacheza mchezo unaoujua? Chini kabisa wapo wanaoviringisha ringi kwa kijiti, kama wa mtaani kwetu. Kuna waliopanda pipa, kuna wanaorukiana migongo, na juu kushoto mtu katoa kinyago dirishani. Kona ya chini kushoto usiwaonyeshe. Waifikie wenyewe.

Ipakue mara moja ukiwa na bando, kisha waitazame bila intaneti.

baba_tegeta:
Naongezea kwa mwalimu. Kwenye kioo kila picha ina ukubwa uleule, mtoto hajui ipi ni ya kiganja na ipi ya ukuta. Hiyo ya Bruegel ni sentimita 118 kwa 161. Chukua futi ya fundi, mchore mstatili ukutani kwa chaki, wasimame mbele yake. Binti yangu alinyoosha mikono yote miwili na bado hakuifikia kona hadi kona.

Halafu wapeleke kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay. Wasikie harufu ya rangi, waone brashi inavyoacha mstari. Tableti haina harufu.

mama_wawili:
Nimerudi. Jana usiku binti alifika ile kona. Wanawake wawili wameketi chini. Akakuza, akakuza tena, akanyamaza, kisha akapiga kelele: "Mama, wanacheza mdako!" Ni vifupa badala ya kokoto, lakini ndio wenyewe, unarusha na kudaka. Mdogo akataka kujua kishimo chao kiko wapi. Tumekitafuta sote watatu, hatujakiona.

Mwalimu, asante sana. Chaki nimenunua, baba Tegeta. Sasa hivi wako nje wanaokota kokoto.