Unampimaje programa kabla hujamwajiri?

Kijana wa Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Nina kakampuni ka programu ya kusimamia stoo za maduka, tuko watatu tu. Tumepata mteja mkubwa, inabidi tuongeze maprograma wawili. Tangazo lina siku nne, CV 90 zimeshaingia, na kila mtu anajua kila lugha ya kompyuta iliyopo chini ya jua. Mwenzangu anataka tuwape mafumbo ubaoni kama Google. Mliopita njia hii mnasemaje?

Mzee wa Seva:
Mkuu, hao Google wenyewe walishayakana mafumbo. Laszlo Bock, aliyekuwa bosi wao wa rasilimali watu, alisema wazi mwaka 2013 kwamba kuuliza ndege inaingia mipira mingapi ya gofu ni kupoteza muda. Kunamfanya msaili ajione ana akili, basi.

Mimi nimeandika programu miaka sita, nikapewa umeneja wa timu, ndipo nikafungua kampuni yangu. Niliyemwajiri wa kwanza nilimpima kwa ubao. Dakika kumi kamwaga jibu, nikajua nimeokota dhahabu. Mwezi wa pili uthibitisho wa malipo ya simu ukaingia mara mbili kwa muamala uleule, programu yake ikahesabu zote mbili. Mteja kalipa 45,000, kwetu inasoma 90,000. Kosa lenyewe hata mimi ningelifanya. Kilichoniuma ni kwamba aliliona Jumatatu, akanyamaza hadi Ijumaa.

Tangu hapo nachukua kosa la kweli tulilokwisha kulirekebisha, nalirudisha kwenye nakala ya pembeni ya programu, nampa mtu laptopu na saa mbili, na muda wake namlipa. Kasi yake wala siitazami. Natazama kama anasoma kumbukumbu za seva, yaani orodha ya yaliyotokea kwenye mfumo, kabla hajagusa kitu, na akikwama anauliza au anajikausha. Dada mmoja hakumaliza, ila aliniuliza: "Muamala mnautambua kwa namba yake, au kwa kiasi tu?" Nilimchukua siku hiyohiyo. Leo ndiye kiongozi wa timu.

Binti Mwananyamala:
Sawa, ila watu 90 hutawapa laptopu wote.

Mzee wa Seva:
Kweli dada. Naanza na simu ya dakika 15: "Nisimulie kitu ulichowahi kuharibu kazini." Anayesema hajawahi, tunaagana vizuri.

Kijana wa Sinza:
Na mimi mwenyewe niendelee kuandika programu?

Mzee wa Seva:
Hapo ndipo nilipochemsha. Nilikuwa nafungua kazi zao usiku nazinyoosha, asubuhi wanakuta si zao tena. Wawili waliondoka ndani ya miezi mitatu, mmoja kaniaga WhatsApp akiwa ameshaanza kwingine. Siku hizi kila Alhamisi nakaa na kila mmoja nusu saa. Kazi zao nazisoma, ila sizigusi mwenyewe asipokuwepo.

Kijana wa Sinza:
Nimekupata mkuu. Kosa la kuwapimia nalo ninalo, tena liko kwa wateja mpaka sasa hivi.

Mzee wa Seva:
Hilo kalirekebishe kwanza, usaili utakusubiri.