Naombeni ushauri: sirinji imeshavutwa dawa na mtu mwingine, mimi ni wa kuchoma tu

Kasuku_wa_Wodini (mleta uzi)
Wakubwa, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, niko mafunzo ya vitendo katika hospitali moja hapa Nairobi, wodi ya wanaume. Juzi asubuhi, saa ya dawa, sista mmoja alinipa trei yenye sirinji mbili. "Hii ya kitanda cha saba, ile ya kumi." Hazina lebo, na ampuli (vichupa vya dawa) zimeshatupwa. Nikauliza ni dawa gani, akanitazama kana kwamba nimemtukana mamake. Mwisho alibeba trei akaenda kuchoma mwenyewe. Tangu hapo ananiita "daktari", na jina limeshika, hata mlinzi wa getini analitumia.

Ningesemaje bila kuonekana nina kiburi? Yeye ndiye anayetia sahihi kitabu changu cha vitendo. La pili: dawa zenyewe. Nakariri orodha ndefu, mitihani ya darasani napita, lakini mgonjwa akiniuliza "hii ni ya nini?" nakauka. Nyinyi mliovuka mtihani wa Baraza la Wauguzi mlisomaje?

Jamaa_wa_Umoja
Pole "daktari" 😂 Mimi ningechoma tu huku nasali. Kitabu kisiposainiwa utarudia hiyo wodi.

Nesi_Mkongwe
@Jamaa_wa_Umoja, usali juu ya potasiamu kloridi? Ikiwa kwenye sirinji haina rangi, huwezi kuitofautisha na maji ya kuchanganyia dawa. Ukiisukuma moja kwa moja mshipani, moyo unasimama. Dawa hiyo huchanganywa kwenye dripu na kwenda polepole. Sasa sirinji isiyo na lebo, utajuaje kilichomo?

Mdogo wangu Kasuku, ulifanya sawa. Anayechoma ndiye anayetia sahihi kwenye shiti ya matibabu, na likitokea la kutokea wataulizwa wenye sahihi. Ila usimwone huyo sista kama mtu mbaya. Wodi imejaa, wengine wamelala wawili wawili, nesi ni mmoja. Anavuta dawa zote kwa mpigo apate kumaliza kabla ya raundi ya madaktari. Ni njia ya mkato ambayo wengi tumeikuta na wengi tumeiacha.

Namna ya kusema ndiyo kazi. Usiulize "hii ni dawa gani?" mbele ya wagonjwa. Nenda mapema, kabla hajaanza kuvuta, umwambie: "Sista, leo naomba nivute mimi ukiniangalia, nataka kujifunza." Sijaona sista akakataa hilo. Na ukishachelewa, sirinji ziko mkononi, sema kwa upole: "Naomba tuzivute upya pamoja tukiangalia shiti." Akikasirika, akasirike. Mwalimu wako wa kliniki naye yupo, mweleze siku hiyohiyo.

Halafu jina la mgonjwa. Usiende kitandani ukasema "Wewe ndiye Kamau?" Mgonjwa mwenye homa atakuitikia hata ukimwita Otieno. Muulize: "Unaitwa nani? Majina yote." Kisha linganisha na shiti na namba ya hospitali. Namba ya kitanda si kitambulisho, wagonjwa huhamishwa usiku. Mnakumbuka yaliyotokea Hospitali ya Kenyatta mwaka 2018, mtu akapasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mwingine.

Mfamasia_Rongai
Nijibu la pili. Acha kukariri dawa mojamoja, soma kwa ukoo. Zinazoishia na -prili, kama enalaprili, hushusha presha, huweza kuleta kikohozi kikavu na kupandisha potasiamu. Zile za -ololi, kama atenololi, hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo pima mapigo kabla hujatoa, na mwenye pumu ulizia kwanza. Ukiujua ukoo, dawa mpya haikutishi.

Lakini koo nazo zina wasaliti. Omeprazoli, metronidazoli, flukonazoli: mwisho unafanana, kazi ni mbalimbali kabisa. Moja ni ya asidi ya tumbo, moja ya bakteria na amiba, moja ya fangasi. Na metformini, ya kisukari, na metronidazoli zimewahi kuchanganywa kwa kufanana majina tu.

Insulini nayo iogope. Ya kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita, na ina sirinji yake. Ukivuta kwa sirinji ya kawaida, kosa dogo la mstari ni yuniti nyingi. Na andika "yuniti" kwa ukamilifu. Ile "U" ya haraka husomwa sifuri, 4 ikawa 40.

Mama_wa_Leba
Huku kwetu leba ni magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Kabla ya dozi inayofuata: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, simamisha, ita daktari. Kalisiamu glukoneti, inayopinga sumu ya magnesiamu, iwe karibu, isiwe imefungiwa kabati ambalo ufunguo wake uko na mtu aliyeenda chai.

Hesabu_Kwanza
Wengi wetu huangukia kwenye hesabu. Fanya mbili kila siku bila simu. Mtoto wa kilo 10, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, ni miligramu 150. Shira ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mililita 6.25. Dripu: lita moja kwa saa 8, mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, kama matone 42 kwa dakika. Jibu likikuambia ufungue ampuli sita kwa dozi moja, rudia hesabu kabla ya kufungua ya kwanza.

Kasuku_wa_Wodini
Asanteni sana wakubwa, hasa hilo la "naomba nivute mimi". Kesho niko zamu naye, nitalijaribu. Na daktari akiagiza dawa kwa simu usiku?

Nesi_Mkongwe
Mwanafunzi hapokei agizo la simu. Mwite sista aliye zamu apokee. Yeye huandika, humrudishia daktari kwa sauti jina la mgonjwa, dawa, dozi na njia, mwenzake akisikiliza, na daktari akifika anatia sahihi. Na iwe dharura, si uvivu wa kupanda ngazi. Kesho utuambie "daktari" amepokelewaje.