Siku zimechelewa na nilimeza P2, hii ni mimba au?

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Mi naona siku zangu kila baada ya siku 28 hadi 30, haijawahi kuvuka hapo, ila mwezi huu leo siku ya 9 kimya. Tulikutana na mwenzangu bila kinga, kesho yake nikaenda duka la dawa hapa Mbagala nikameza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Juzi jioni nikapima na kile kipimo cha mimba cha utepe, mstari mmoja, yaani hakuna mimba, nikakiacha dirishani bafuni, kurudi baada ya kama saa nzima naona kamstari kengine kamefifia mpaka ukigeuze kwenye mwanga ndo unakaona. Matiti yanauma, tumbo linavuta kama nataka kublidi. Shoga angu anasema nimeze tena P2 itashusha hedhi. Kweli?

Mama Wawili, Kimara
Pole mdogo wangu, mi P2 iliwahi kunichelewesha siku 6 nikalia wiki nzima, halafu ikaja yenyewe. Matiti na tumbo visikutishe, hata siku zikikaribia inakuwa hivyohivyo.

Muuza dawa
Dada usimeze tena. P2 inazuia yai lisitoke, mimba ikishatunga haiitoi, utazidi kuivuruga tu hiyo hedhi. Na hako kamstari ka baada ya saa nzima usikahesabu, utepe unasomwa ndani ya dakika 5 mpaka 10, ukikauka unaweza kuacha alama isiyo mimba. Mlikutana lini hasa?

Muuliza swali
Leo siku ya 17

Muuza dawa
Basi juzi ilikuwa siku ya 15, ulipima mapema, na jioni ukiwa umeshakunywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi, homoni ya mimba inaweza isionekane. Subiri zifike siku 21, pima na mkojo wa kwanza wa asubuhi, hapo jibu utaliamini. Ikiwa mstari mmoja na hedhi bado haiji, nenda kituo cha afya wakuangalie, maana hata mawazo, kupungua mwili ghafla au sindano ya uzazi wa mpango vinachelewesha.

Bi Temeke
Mwanangu mi naongeza moja, naomba ulishike. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu, usisubiri siku 21 wala asubuhi, kimbia hospitali hata saa nane usiku. Mimi ilikuwa mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, nikajua ni chango nikawa nakunywa dawa za kienyeji, nikaanguka jikoni nimeshika mwiko, nilipozinduka nimeshapasuliwa.

Muuliza swali
Asanteni sana, Mungu awabariki. Maumivu makali sina. Nimehesabu, siku 21 ni Jumatano, kipimo kingine nimeshanunua kiko kwenye pochi, na shoga angu nimemwambia simezi kitu