Furaha ya watu weusi kwenye video za sanaa ni upinzani kweli, au tunawaburudisha wenye makumbusho?

Mleta mada:
Wadau naomba tulijadili hili, siku hizi msanii mweusi wa Ulaya au Marekani akionyesha watu wake wanacheka na kucheza muziki tunaambiwa hiyo tayari ni upinzani. Mimi nakubali nusu tu.

Mchukueni Claudia Jones, mwanaharakati mweusi mzaliwa wa Trinidad, Marekani ilimfukuza 1955 kwa ajili ya ukomunisti wake akaishia London na huko akaanzisha gazeti. 1958 magenge ya wazungu yakawavamia watu wa Karibi kule Notting Hill, mtaa wa London, yeye akajibu kwa kanivali! Januari 1959, ukumbini St Pancras, ngoma za chuma, warembo, na BBC wakaionyesha kwenye TV. Sasa utamu uko hapa, kijitabu kilichouzwa siku ile kiliandikwa kabisa kwamba sehemu ya mapato itasaidia kulipa faini za vijana, weusi kwa weupe, walioingia matatani kwenye zile vurugu. Huo ndo upinzani ninaouelewa mimi.

Mchangiaji:
Mkuu unataka furaha ije na risiti? 2020 baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, video ya kifo chake ilirudiwa na kurudiwa, mtoto mweusi kila akiwasha simu anamwona mtu wa rangi yake anakufa. Kumwonyesha huyo mtoto watu wake wanacheka, hiyo peke yake ni kazi kubwa, haihitaji kulipa faini ya mtu.

Mleta mada:
Kwa mtoto nakuunga mkono asilimia mia. Ila angalia Arthur Jafa, msanii mweusi wa Marekani, ile video yake Love Is the Message, The Message Is Death ya 2016, haifiki hata dakika nane. Watu wanacheza, kanisani wamepandwa na roho, LeBron yule wa mpira wa kikapu anaruka, mara Walter Scott, mtu mweusi asiye na silaha, huyo anakimbia na polisi anampiga risasi za mgongoni. Jafa hakuachii upenyo wa kuchukua ngoma ukaruka kifo. Juni 2020 makumbusho kadhaa makubwa yaliirusha mtandaoni kwa pamoja saa 48, vizuri sana, lakini zile saa zilipoisha nani aliajiriwa, kazi za nani zilinunuliwa, nani aliingia kwenye bodi? Nyie mnaosema furaha peke yake inatosha nijibuni hapo.